Mashine ya mwanangu imeandika elfu sabini ambazo hakuna aliyezitoa

BARUA

Dada, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 57, mkazi wa Pasua hapa Moshi. Nauza maharage na dagaa soko la Mbuyuni, na huu ni mwaka wa tano nikiwa mweka hazina wa kikoba chetu. Tuko wanawake 28. Hisa yetu ni shilingi 5,000, mtu ananunua hisa moja hadi tano kwa wiki, na wenye mikopo wanaleta marejesho. Mfuko wa jamii tunachangia mara moja kwa mwezi. Tunakutana Jumamosi saa kumi jioni, na tunavunja kikoba, yaani tunagawana akiba na faida, wiki ya pili ya Desemba, kabla watu wa Dar hawajaanza kupanda na sikukuu haijatukausha.

Zamani kila mtu alikuja na fedha mkononi. Inahesabiwa mkekani, mhuri unagongwa kwenye kitabu chake, basi. Siku hizi nusu yetu wanatuma kwa simu. Huyu yuko mtandao huu, yule mtandao ule, mwingine anatumia laini ya mumewe, mwingine anamwagiza mtoto aliyeko Arusha amlipie. Jumamosi usiku nilikuwa nakaa na simu mkono wa kushoto na kalamu mkono wa kulia, nanakili meseji kwenye kaunta buku mpaka saa sita. Na macho yenyewe ndiyo haya ya uzeeni.

Mwanangu wa pili anafanya kazi za kompyuta Arusha. Mwezi wa nane alikuja akaniambia, "Mama, unajitesa bure." Akaniwekea kwenye kompyuta yake ya zamani kitu anachokiita wakala. Mimi nikadhani wakala wa kutoa pesa, kumbe ni programu ya akili mnemba. Wanachama wanatuma skrinishoti za malipo kwenye kundi letu la WhatsApp, katibu anapiga picha ukurasa wa fedha taslimu, na kila Jumamosi saa mbili usiku huyo wakala anasoma zote, anajaza jedwali (nani, kiasi gani, hisa au rejesho), kisha anarusha muhtasari kundini. Wiki sita nililala saa tatu usiku. Nilimshukuru Mungu.

Wiki ya saba umeme ulikatika saa mbili na dakika chache, ukarudi baada ya nusu saa. Muhtasari ukaja kama kawaida: tumekusanya 1,185,000. Nilipojumlisha fedha ya sandukuni na iliyoingia kwenye laini ya kikundi nikapata 1,115,000. Nikahesabu tena. Nikamwita katibu naye akahesabu. Elfu sabini haionekani.

Tulipokagua, rejesho la mama mmoja la 50,000 limeandikwa mara mbili. Mwingine hakutoa chochote wiki hiyo, alikuwa hospitali anamuuguza mama mkwe, lakini jedwali linasema amenunua hisa nne, 20,000, kama anavyofanya kila wiki. Skrinishoti yake hatuna, hakutuma. Halafu humu ndani tuna akina Shayo wanne: hisa tatu za mmoja zimeandikwa kwa mwenzake, na yeye ndiye aliyeanza kupiga kelele.

Sasa kundini maneno ni mengi. Yupo aliyeandika, "Mashine haiibi, anayeiba ni mtu." Nimelia, dada. Mwenyekiti anataka mashine itupwe turudi kwenye daftari. Mwanangu anasema ni jambo dogo, ataweka toleo jipya, na eti ingekuwa bora zaidi nimuunganishie laini ya kikundi pamoja na namba ya siri, ili wakala asome meseji mwenyewe na hata awatumie watu mikopo yao bila mimi kuhangaika. Mume wangu anasema nitoe hiyo elfu sabini mfukoni yaishe.

Nifanyeje?

Mweka hazina, Pasua

JIBU

Shikamoo mama. Umeniita dada nami nimefurahi, ila kwa miaka hiyo 57 wewe ni mama yangu. Nitasema kwa adabu, lakini nitasema.

Usilipe. Namheshimu baba, najua anataka upate usingizi, lakini hiyo elfu sabini haijapotea. Haikuwahi kuwepo. Hamsini iliandikwa mara mbili, ishirini haikutolewa na mtu yeyote. Ukiichukua kwenye mtaji wa dagaa ukaitia sandukuni, utakuwa umewachangia watu ambao hawakudai kitu, Desemba watagawana jasho lako kama faida, na yule aliyeandika maneno yale kundini atasema, "Si mmeona, karudisha." Sanduku lako lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilichokosea ni karatasi, na karatasi inasahihishwa kwa kalamu.

Sasa tuingie jikoni, maana makosa yako matatu yana mama watatu tofauti na dawa zake hazifanani.

Hamsini iliyojirudia nadhani imezaliwa na umeme. Wakala alianza kazi saa mbili, akasoma skrinishoti kadhaa, umeme ukakatika. Uliporudi akaanza upya. Hakukumbuka amefika wapi, kwa hiyo rejesho lile, ambalo alikuwa ameshaliandika, akaliandika tena. Hapo hata mtu makini angeteleza kama hana alama. Na alama ipo, mmeikalia tu: kila muamala wa simu una namba yake, ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambao huwa hatuusomi. Hakuna miamala miwili yenye namba moja. Kijana aongeze safu ya namba ya muamala kwenye jedwali, na aweke sharti kwamba namba ikishaingia mara moja, ikija tena inakataliwa. Umeme ukatike mara kumi, kazi ianze upya mara kumi, hamsini itabaki hamsini.

Ishirini ya yule aliyekuwa hospitali ndiyo iliyonishtua zaidi, na hapo nataka mwanao anisikilize vizuri. Programu hizi za lugha, kama huyo wakala, zimefunzwa kutoa kile kinachoelekea kufuata. Ukiipa wiki sita ambazo mwanachama ametoa 20,000 bila kukosa, kisha ukaiambia "jaza jedwali la wanachama 28", ikikuta nafasi yake iko wazi itaijaza kwa kile ilichokizoea. Haikusudii kumdanganya mtu. Ni kama karani mgeni anayeona aibu kumwambia bosi "sijui", akaandika kitu kinachofanana na ukweli. Kwa habari za hali ya hewa utasamehe. Kwenye kikoba, hisa nne za kubuni zinageuka deni la watu 28.

Kwa hiyo agizo analopewa wakala libadilike. Asiambiwe ajaze jedwali la wanachama. Aambiwe anakili miamala aliyoiona, mstari mmoja kwa muamala mmoja, basi. Kijana akikaa kuandika maagizo, aandike kwa ukali huu huu: "Nakili tu. Kama namba ya muamala au kiasi hakisomeki, andika HAIPO. Usikisie. Usitumie kumbukumbu ya wiki zilizopita. Usijumlishe." Hilo la mwisho asilipuuze. Kujumlisha ni kazi ya fomula za Excel, ambazo hazina mawazo yao binafsi. Nimeshaona watu wanaiachia akili mnemba ijumlishe safu ya namba mia, inatoa jibu zuri lenye koma mahali pake, nalo si kweli. Mwanao akisema "mashine haikosei hesabu", yuko sahihi kwa kikokotoo. Hiki si kikokotoo.

Akina Shayo ni habari ya Moshi yetu. Hapa ukiita "Mama Shayo" sokoni wanageuka kumi, na mashine nayo imegeuka na wa kwanza iliyemwona. Zaidi ya hapo, jina linalotokea kwenye meseji ni la mwenye laini, ambaye ni mume, au mtoto wa Arusha, au jirani. Acheni majina. Mpeni kila mmoja namba, 1 mpaka 28, iandikwe kwenye jalada la kitabu chake cha hisa, na kila anayelipa aandike kundini maneno mafupi: "14, hisa 3, rejesho 50,000." Hapo hata baba akituma kwa laini yake tunajua ni ya nani. Na kumbuka jambo moja kuhusu kosa hili: lenyewe halikubadilisha jumla hata shilingi. Isingekuwa zile sabini kukushtua, hisa za Shayo mmoja zingelala kwa mwenzake mpaka Desemba na ugomvi ungezukia kwenye mgao. Ndiyo maana jumla ikikubaliana usikimbilie kufunga daftari. Bado kila mtu aone mstari wake.

Kuna ukaguzi mwingine mzuri ambao hauhitaji akili ya aina yoyote. Hizo skrinishoti za wanachama, kwa kweli, mimi ningeachana nazo. Picha inafifia, 3 inasomeka 8, na siku hizi mtoto wa sekondari anaweza kutengeneza skrinishoti ya malipo ambayo hayakufanyika. Chukueni meseji zilizoingia kwenye simu ya kikundi yenyewe. Zina umbo lilelile kila siku: namba ya muamala, kiasi, aliyetuma, tarehe, salio jipya. Kitu chenye umbo moja hakihitaji akili mnemba, kinahitaji chujio, yaani programu ndogo ya kuchambua meseji, na mwanao anaweza kuliandika jioni moja. Halafu angalieni salio. Salio lilikuwa 412,000, ikaingia 25,000, meseji ikasema 437,000: sawa. Inayofuata inasema imeingia 25,000 na salio ni 482,000. Hapana! Ilitakiwa 462,000. Basi kuna 20,000 iliyoingia katikati na meseji yake haipo, imefutwa au haikufika. Hesabu ya darasa la tatu, lakini inakamata kilichopotea na kilichobuniwa kwa mkupuo mmoja. Mkitoa fedha kuzitia sandukuni, makato nayo yapewe mstari wake, maana ndiyo huzaa zile tofauti za elfu mbili tatu ambazo watu wanazipuuza mpaka zinakuwa ndefu.

Akili mnemba basi ibaki na kazi gani? Ukurasa wa katibu. Mwandiko wa mkono uliopigwa picha kwenye mwanga wa taa, hapo ndipo inapowashinda chujio na fomula zote. Ila hata hapo iwekewe uzio: hisa lazima zigawanyike kwa 5,000 na zisizidi 25,000. Ikisoma 15,000 kama 18,000, jedwali linakataa papo hapo na katibu anaitwa aje aangalie mwandiko wake.

Namba ya siri. Mama, nakuomba, hapana. Kijana wako ni mwaminifu, sina shaka, na shida haiko kwake. Unazijua zile meseji za "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja…" Wewe ukiipata unacheka, unaifuta, unaendelea kupima maharage, kwa sababu unajua hakuna "ile hela". Wakala anayesoma meseji zote za simu ataisoma na hiyo. Kwake maneno ni maneno. Kutofautisha taarifa ya kunakili na amri ya kutekeleza ndio udhaifu mkubwa wa programu hizi mpaka leo, na matapeli wanaujua. Sasa mpe namba ya siri na ruhusa ya kutuma, halafu Jumamosi usiku aikute meseji ya namna hiyo wakati kuna mikopo miwili inayosubiri kutumwa. Sitaki kumalizia sentensi. Anayesoma asiweze kutuma. Mikopo itumwe na mkono wa mtu, mwenzake akiwa kando anasoma namba kwa sauti.

Na hili nyie mnalijua kuliko mwanao. Sanduku lenu lina kufuli ngapi? Kama ni kikoba cha kawaida lina tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti, wala wewe mweka hazina huna hata mmoja. Hakuna aliyeona kwamba mnadharauliana. Jedwali nalo lifungwe hivyo hivyo. Wakala ananakili, hawezi kufuta wala kubadilisha kilichokwisha kuandikwa. Katibu anathibitisha kila mstari kwa kulinganisha na simu. Wewe unalinganisha jumla na fedha. Muhtasari usirushwe kundini na mashine saa mbili usiku kabla ya binadamu kuuona. Huko ndiko aibu yako ilikoanzia, mama. Kosa la hesabu lingekwisha kati yako na katibu kwa dakika kumi. Lilipofika kundini likawa kesi.

Daftari sasa. Mwenyekiti amekosea kusema mashine itupwe, lakini kuhusu daftari yuko sahihi. Mpaka mvunje, kaunta buku na vitabu vyenye mihuri ndivyo vyenye neno la mwisho, na jedwali litembee kando. Huwezi kubadilisha mzani katikati ya kupima. Mkianza mzunguko mpya Januari, na kama Jumamosi sita mfululizo daftari na jedwali havikupishana, hapo jadilianeni upya. Ukiniuliza mimi, hata wakati huo mhuri ubaki.

Kuhusu picha na majina kwenda kwenye kompyuta: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kiasi anachokopa mtu na namba yake ya simu ni taarifa zake. Vikundi kama chenu vimetajwa kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne, kwa hiyo msijione kama mko nje ya serikali. Waelezeni wanachama taarifa zinakwenda wapi, wakubali, iandikwe kwenye katiba ya kikundi na kupigiwa kura. Faida nyingine ya zile namba 1 mpaka 28 ni hiyo: kijana anaweza kupeleka kwa wakala namba tupu, orodha ya majina ikabaki kwako kabatini.

Jumamosi ijayo usiende na hotuba. Mfumo huu wa kuweka na kukopeshana ulianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE likiwa na kina mama wa vijijini ambao wengi hawakujua kusoma. Walishika hesabu kichwani na kuzitaja kwa sauti mbele ya wote, kila mmoja akisikia yake na ya jirani. Fanyeni hivyo. Tandikeni mkeka, kabla ya kununua hisa zozote, someni wiki zote saba, namba kwa namba, kila mtu akiwa na kitabu chake mkononi. Usisome wewe. Mtuhumiwa hasomi kesi yake. Asome mwanachama yeyote mwenye sauti. Yule wa hospitali aambiwe kwa upole kwamba hisa zile nne hana, asije akazipigia hesabu ya ada ya Januari. Shayo arudishiwe hisa zake tatu kwa kalamu, aweke sahihi, na mwenzake naye aweke. Aliyeandika maneno yale kundini usimtaje. Akitaka kusema atasema.

Na mwanao asitume maelezo kwa simu. Apande basi la asubuhi kutoka Arusha, akae mkekani na kompyuta yake, asahihishe mstari baada ya mstari akina mama wakimwangalia. Akifika baada ya saa kumi, atozwe faini ya kuchelewa kama wengine, na katibu aiandike kwa mkono.